Taa za tela zikicheza, anza na soketi ya gari

Safu hii huwa inazungumzia chanjo, lishe, homa za watoto na mambo ya uzazi. Wiki hii tunakwenda uvunguni mwa gari, na nakuomba msomaji usihamie ukurasa mwingine kabla hujajua kwa nini.

Mama mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe kuhusu kikohozi cha mtoto wake wa mwisho. Hilo tulishalimaliza, mtoto alipelekwa kituo cha afya na anaendelea vizuri. Lakini mwishoni mwa ujumbe, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni, aliongeza kitu kingine. Yeye na mumewe wanakodisha viti na maturubai kwa ajili ya harusi, misiba na vikao. Wana pikapu moja na tela dogo la magurudumu mawili, na mara nyingi wanarudi nyumbani saa sita au saa saba usiku, shughuli zikiisha. "Dada, siku hizi mume wangu akiwasha indiketa ya kulia, taa zote za tela zinawaka na kuzimika pamoja. Akikanyaga breki, zinakuwa hafifu kama mshumaa. Fundi anasema matela yote ya zamani yako hivyo. Mimi naogopa, maana vijana wetu wawili huwa wanakaa juu ya viti huko nyuma."

Nilimjibu siku ileile kuhusu vijana: washuke. Nitalirudia hilo mbele. Kuhusu taa, nilikwenda kuuliza wanaojua, na nimeona jibu linawahusu wazazi wengi kuliko mimi nilivyodhani. Hesabu tu mtaani kwako: tela la maji, la mbuzi, la jenereta, la matofali, la boti kwa wenzetu wa pwani. Karibu yote yanavutwa na gari la familia, lile lile linalopeleka watoto shule asubuhi.

Sasa kwa nini ukurasa wa familia? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 kuhusu usalama barabarani inakadiria kuwa watu milioni 1.19 walipoteza maisha barabarani duniani kote mwaka 2021. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Soma tena umri huo. Mzazi anahangaika na kadi ya kliniki, chandarua na maji safi hadi mtoto anafikisha miaka mitano, kisha hatari kubwa inamhamia barabarani, ambako hakuna kadi ya kliniki. Na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wanaotumia pikipiki.

Pikipiki ndiyo inayonitisha zaidi katika habari hii ya tela. Pikapu iliyobeba viti na kuvuta tela lililojaa maturubai haionekani taa zake za nyuma. Zinafunikwa na mzigo wa tela. Kwa mtu aliye nyuma, taa za tela ndizo taa pekee za msafara huo. Zikifa, mbele yake kuna giza linalotembea, na siku likisimama ghafla kwenye tuta, hana cha kumwambia kwamba limesimama. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva wa bodaboda aliyepakia mama na mtoto, au mshikaki wa watoto watatu wanaotoka kwenye harusi hiyohiyo, hana bodi ya kumkinga, na mara nyingi ni mmoja tu kati yao mwenye kofia ngumu. Dereva wa pikapu anaweza asipate hata mkwaruzo. Atasikia kishindo tu.

Ndiyo maana simuungi mkono fundi aliyesema matela yote ya zamani yako hivyo. Taa zinazocheza namna ile ni dalili, sawa na mtoto anayepumua haraka. Dalili haizoeleki, inatafutiwa chanzo.

Fundi umeme wa magari niliyemtembelea alinisikiliza hata sijamaliza maelezo. "Dada, hapo waya wa hasi umekatika au umeoza," alisema. "Watu wananiletea tela wakitaka globu mpya. Globu nzima kabisa. Kilichokufa ni hii hapa." Akanionyesha soketi aliyokuwa ameing'oa kwenye gari la mteja asubuhi hiyo. Kifuniko kilikuwa kimevunjika spring, matundu yamejaa udongo, na ndani shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani kama sarafu iliyosahaulika kwenye mchanga wa bahari.

Kwanza tuelewane majina. Kwenye gari, nyuma karibu na chuma cha kuvutia, kuna soketi, yaani kile kikombe chenye matundu na kifuniko. Kwenye tela kuna waya mnene wenye plagi inayochomekwa humo. Kwa magari madogo na pikapu za volti 12 zinazotumia mfumo wa matundu 7, ambao umeenea sana katika nchi zenye matela ya mtindo wa Uingereza na Ulaya, kila tundu lina namba na kazi yake. Namba 1, yenye herufi L, ni indiketa ya kushoto. Namba 2 ni ya taa ya ukungu, na kwenye matela mengi haina kazi. Namba 3, iliyoandikwa 31, ni hasi, njia ya umeme kurudi. Namba 4, yenye R, ni indiketa ya kulia. Namba 5, iliyoandikwa 58R, ni taa ndogo ya nyuma ya kulia. Namba 6, iliyoandikwa 54, ni breki. Namba 7, iliyoandikwa 58L, ni taa ndogo ya kushoto. Alama hizo za 31, 54 na 58 zinatokana na viwango vya Kijerumani vya umeme wa magari, kwa hiyo usishangae kuona haziendi kwa mfuatano. Ukifungua plagi au soketi utaziona zimechongwa kwenye plastiki, kwa maandishi madogo sana. Mulika kwa tochi ya simu.

Rangi za nyaya nazo zina utaratibu wake: njano kwa namba 1, bluu kwa 2, nyeupe kwa 3, kijani kwa 4, kahawia kwa 5, nyekundu kwa 6 na nyeusi kwa 7. Lakini hapa lazima niseme wazi, usiziamini. Gari lililopitia mikono ya mafundi wanne lina rangi za mafundi wanne. Aliyekosa waya wa kahawia aliweka mwekundu na safari ikaendelea. Amini kipimo.

Turudi kwenye hasi, kwa sababu ndiyo ugonjwa wa mama yule wa Morogoro. Umeme unaokwenda kwenye globu lazima urudi kwenye betri. Globu zote za tela zinatumia njia moja ya kurudi, tundu namba 3. Njia hiyo ikiziba, umeme wa indiketa ya kulia haukai ukingoje. Unapenya kwenye nyuzi za globu nyingine, za taa ndogo na za breki, na kutafuta pa kutokea, kama maji ya mtaro ulioziba yanavyoingia uani kwa jirani. Ndiyo maana unawasha indiketa moja na tela zima linakonyeza. Na ndiyo maana breki zinakuwa kama mshumaa, kwa sababu umeme ule mdogo unagawanywa kwenye globu zisizohusika.

Hesabu kidogo itaonyesha kwa nini tundu hilo ndilo la kwanza kuungua. Globu ya breki au indiketa kwa kawaida ni ya wati 21, na ya taa ndogo ni wati 5. Usiku, dereva akikanyaga breki huku ameweka indiketa, kwenye tela zinawaka globu tatu za wati 21 na mbili za wati 5. Hizo ni wati 73, kama ampea 6 kwenye betri ya volti 12, na zote zinarudi kwa skrubu moja ndogo. Skrubu hiyo ikilegea, mahali pale panapata joto. Joto likilegeza zaidi, kutu inaingia, na mzunguko unaendelea hadi plastiki inayeyuka. Ukiona tundu moja limebadilika rangi kuwa la kahawia iliyoungua, soketi hiyo haifai tena kusafishwa. Inabadilishwa.

Kabla ya kununua chochote, jua kwanza kama ubovu uko kwenye gari au kwenye tela. Fundi wangu hana mashine ya maana kwa kazi hii. Ana globu ya indiketa aliyoiunganishia nyaya mbili, basi. Chomoa tela. Ufunguo uwashwe, mtu mzima mmoja akae ndani ya gari. Ncha moja ya kitaa chako iweke kwenye tundu namba 3, na nyingine kwenye namba 1, kisha mwambie awashe indiketa ya kushoto. Halafu namba 4 na ya kulia. Namba 5 na 7, taa ndogo. Namba 6, akanyage breki. Kila tundu linatakiwa kuwasha kitaa kwa mwanga mkali, na likae kimya wakati kazi yake haijaombwa. Kama kitaa hakiwaki popote, ondoa ncha iliyo kwenye namba 3 na uigusishe kwenye chuma kisafi cha chesisi, mahali pasipo rangi. Kikiwaka sasa, umempata mwizi: hasi ya soketi imekatika. Kama matundu yote yako sawa, gari limepona na tatizo liko kwenye plagi, waya au taa za tela lenyewe.

Angalizo kwa wenye magari mapya. Pikapu za miaka ya karibuni zenye taa za LED na kompyuta inayokagua globu hazitaki mtu wa kuchomachoma nyaya. Kuunga tela moja kwa moja kwenye waya wa taa ya nyuma kunaweza kuwasha alama za hitilafu kwenye dashibodi, au kuharibu kifaa cha bei kubwa. Hizo zina kifaa chake cha kuunganishia tela. Mpelekee fundi mwenye uzoefu wa gari la aina hiyo, na kama hana, asijifunzie kwako.

Kama gari lako ni la kawaida na soketi ndiyo iliyochakaa, kazi yenyewe inachukua asubuhi moja. Unaweza kuifanya nyumbani kama mkono wako umezoea bisibisi na plaizi. Kama haujazoea, soma hata hivyo, ili ukiwa umesimama karakana ujue fundi ameruka hatua gani.

Toa ufunguo, kisha fungua waya wa hasi kwenye betri. Piga picha ya soketi ya zamani ikiwa imefunguliwa, nyaya zikionekana kila mmoja na skrubu yake, na ukiweza andika namba kwenye kipande cha teipu na uuzungushie kila waya. Simu uliyoshika sasa hivi inatosha. Ng'oa soketi ya zamani. Bolti zake mara nyingi zimeshikwa na kutu, zipulizie mafuta ya kulainisha na uzipe muda, usizivunje kwa hasira. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea kisha wanaanza upya, pitisha waya kwenye mpira wa nyuma wa soketi mpya kabla ya kufunga hata skrubu moja.

Angalia ncha za nyaya. Shaba nzima inang'aa kama kitunguu kilichokaangwa vizuri. Iliyooza ni nyeusi au kijani, na kutu hiyo hupanda ndani ya ganda la waya sentimita kadhaa. Kata hadi uione inayong'aa. Kama waya umekuwa mfupi, unga kipande kipya cha unene uleule kwa kulehemu au kwa viungio vya kubana, kisha ufunike vizuri. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia teipu ni kazi ya wiki mbili, mvua ya masika ikija inafunguka. Waya wa hasi uwe mnene kuliko wenzake, kwa sababu ya zile ampea 6. Na usitegemee chuma cha kuvutia kuwa ndiyo hasi. Kina grisi, kina kutu, kinacheza kwenye kila shimo la barabara. Waya wa namba 3 ufike kwenye chesisi, kwenye chuma kilichopigwa msasa, na ukazwe kwa bolti.

Menya ganda kiasi cha nusu sentimita hadi sentimita moja, sokota nyuzi zikae pamoja, ingiza, kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa mkono. Ukitoka, haukukazwa. Hakikisha hakuna uzi mmoja wa shaba uliobaki nje na kugusa jirani yake, kwa sababu huo mmoja ndio utakaounguza fyuzi usiku. Kile kibanio cha nyuma kibane ganda la nje la waya mnene, ili mtikisiko usivute skrubu. Soketi ikae kifuniko kikifungukia juu na waya uingie ukitokea chini, maji yasiufuate hadi ndani. Ukiwa na grisi ya viungio vya umeme, paka kidogo. Watu wa pwani, ninyi hamna hiari katika hilo. Chumvi ya hewa ya bahari inakula shaba hata gari likiwa limeegeshwa.

Nilimuuliza fundi kuhusu fyuzi. Alicheka, kisha akavuta droo na kunionyesha mkusanyiko wake: vipande vya waya, pini ya nguo, na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, vyote alivyovikuta ndani ya magari ya watu mahali pa fyuzi. Fyuzi ikiungua imefanya kazi yake. Kuna waya umegusana mahali. Ukiweka karatasi ya sigara, umeme hautakatika tena, ila kitakachoungua kitakuwa waya wenyewe, chini ya viti wanavyokalia watoto. Weka fyuzi yenye namba ileile, ikiungua tena tafuta mguso.

Jambo jingine linalochanganya wanunuzi: soketi za malori ya volti 24 zinafanana sana kwa sura na za volti 12, lakini mpangilio wa matundu ni mwingine. Kwenye mfumo wa volti 24, hasi iko namba 1 na breki namba 4. Muuza spea asiyejali atakupa yoyote. Mwambie gari ni la volti 12 na uangalie maandishi kabla hujalipa. Na ukiazima tela la rafiki mwenye Fuso, kumbuka globu zake ni za volti 24, kwenye pikapu yako zitawaka kwa uvivu hata kama nyaya zote ni nzima.

Bei ya soketi ni ndogo, haikaribii bei ya tairi moja la tela. Sijaona sababu ya mtu kununua ile ya plastiki nyepesi ambayo kifuniko chake hakirudi chenyewe. Kifuniko ndicho chandarua cha soketi.

Baada ya kufunga, rudisha waya wa betri, unganisha tela na ukague. Hapa ndipo familia inaingia. Dereva hawezi kuona taa zake za nyuma, kwa hiyo anahitaji macho ya mtu mwingine. Weka breki ya mkono, zuia magurudumu ya tela kwa mawe au magogo, na injini iwe imezimwa, ufunguo ukiwa umewashwa tu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa mkaguzi mzuri kuliko mtu mzima, maana hana haraka na anapenda kupewa kazi. Asimame nyuma na pembeni, hatua kadhaa mbali, kamwe asiingie katikati ya gari na tela. Asikae yeye kwenye pedali. Apaze sauti: kushoto inawaka, kulia inawaka, taa ndogo zote mbili, breki zote mbili. Kisha jaribuni kwa pamoja, taa ndogo zikiwa zimewashwa, indiketa ikiwa imewekwa na breki imekanyagwa. Hasi mbovu hujificha ukipima taa moja moja, na hujitokeza zote zikidai umeme kwa wakati mmoja.

Indiketa zikikonyeza haraka kuliko kawaida, kwenye magari mengi ya globu ina maana kuna globu moja imeungua. Dereva mzoefu husikia tofauti hiyo masikioni kabla hajaiona.

Angalia pia urefu wa waya wa tela. Ukiwa mfupi, kona ya kwanza kali inauvuta na kulegeza skrubu ulizokaza. Ukiwa mrefu, unaburuzwa kwenye lami hadi ganda linaisha. Na tela likichomolewa, plagi isitupwe chini kwenye tope. Itundike juu, uifunike hata kwa kipande cha chupa ya plastiki.

Vijana wa juu ya viti sasa. Nimeambiwa mara nyingi kwamba wanashikilia mzigo usidondoke. Mzigo unashikiliwa na kamba. Tela halina mkanda, halina kiti, na linarukaruka kuliko gari lenyewe. Likigongwa kwa nyuma, bodi inayopokea kishindo ni miguu ya wale vijana. Madaktari wa mifupa wanajua majeraha hayo, na hayaponi kwa mwezi mmoja. Kama pikapu haina nafasi ya kuwakalisha kwenye kiti chenye mkanda, wapande usafiri mwingine na gharama iingizwe kwenye bei ya kukodisha maturubai. Wateja watalalamika, ni kweli. Wanalalamika hata vijiko vikipungua.

Wengine wameniuliza wafanye nini taa zikifa njiani, usiku, mzigo ukiwa juu. Toa gari nje ya lami kabisa, sehemu iliyonyooka, mbali na kona na kilele cha mlima. Washa hazadi kama bado zinafanya kazi. Shusha kila mtu kabla ya kufungua boneti, na watoto wakae mbali na barabara, upande wa mbele ya gari, kwa sababu kitakachokuja kitatokea nyuma. Mtu mzima aweke pembetatu ya kuakisi nyuma sana, umbali ambao dereva wa basi ataiona akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo, na akiweka atembee nje ya lami. Matawi ya miti yanayowekwa barabarani hayaakisi mwanga, na mara nyingi yanabaki pale asubuhi kuwa ajali ya mtu mwingine.

Kisha chomoa plagi, futa matundu, ichomeke tena, kagua fyuzi. Kama taa zimerudi, endesha polepole hadi mji wa kwanza na usimame hapo. Kama hazikurudi, wapo wanaomwomba mwenzao mwenye gari awafuate nyuma na hazadi. Mimi ningetafuta kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi, niliache tela hapo limefungwa kwa mnyororo hadi asubuhi, niwarudishe watoto nyumbani kwa pikapu. Viti vya plastiki havilali njaa.

Maswali ya safu hii tumeni kama kawaida. Wiki ijayo tunarudi kwenye kikohozi cha watoto, hasa kile kisichoisha baada ya wiki mbili.